Mlango wa Darasa la Mabati

Mwezi uliopita nilikuwa Dadaab, nimeajiriwa kwa siku nne kutafsiri semina ya walimu wa kambini. Kijana aliyetoka Nairobi kutufundisha alibandika karatasi kubwa ukutani, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika darasa la wazi, upande wa pili darasa la kawaida. Chini ya lile la wazi akajaza mambo mazuri matupu: mwanafunzi husogea apendavyo, hujifunza kwa mwendo wake, mkubwa humsaidia mdogo, mwalimu huzunguka badala ya kusimama mbele kama mnara. Chini ya lile la kawaida akaandika kuta, safu za madawati, kimya, woga. Nilitafsiri yote kwa Kisomali kwa sauti iliyonyooka, kwani ndiyo kazi niliyolipwa. Mwalimu mmoja mzee akanyoosha mkono akauliza, "Wazi kwa nani?" Nikatafsiri. Kijana akacheka kwa adabu, akasema ni swali zuri sana, akageuza karatasi.

Hakulijibu. Mimi ningeweza, lakini mkalimani haulizwi kitu. Tangu siku ile nimekuwa nikimjibu yule kijana peke yangu, juu ya lori, kwenye vibanda vya chai, nikisubiri gari barabarani, na kila nikimjibu nakasirika upya. Afadhali niandike, yaishe.

Nimefundisha ndani na nimefundisha nje. Cheti cha ualimu sina. Nina cha kidato cha nne tu, na tangu nikipate sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu. Nimekuwa karani wa mifugo Eldas, nimeuza vitambaa Banissa, nimehesabu magari ya maji, nimetafsiri mahakamani. Lakini mwaka wa mwisho wa vita vya shifta nilikuwa na miaka ishirini na moja, na serikali iliyokosa walimu ilinichukua hivyo hivyo nilivyo, ikanipeleka kwenye kijiji cha uzio, mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka Garissa.

Vijiji vile serikali iliviita manyata. Wafugaji walikusanywa humo na mifugo yao ili shifta, wapiganaji waliotaka eneo lile lijiunge na Somalia, wasipate chakula wala maji kwao. Uzio wa miiba na seng'enge, lango moja, askari langoni, watu wanahesabiwa asubuhi na jioni. Mbuzi walitoka kwa saa na kurudi kwa saa, na walikonda, kwa sababu mbuzi hajui saa. Katikati ya yote hayo palikuwa na shule, nayo shule ilikuwa chumba kimoja. Kuta za mabati, paa la mabati, mlango wa mabati, na madirisha mawili yasiyozidi ukubwa wa daftari lililofunguliwa, yamezibwa kwa waya.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa bara, mnene, mwenye moyo mzuri na imani isiyotikisika juu ya mistari iliyonyooka. Madawati yalipangwa kwa uzi. Kweli, alikuwa na uzi, akiuvuta kutoka ukuta hadi ukuta kila Jumatatu. Yeye alifundisha darasa la saba mle ndani, wanafunzi sita, wavulana watano na msichana mmoja. Mimi nilikuwa na wengine wote nje, chini ya mikeka ya nyumba za wafugaji tuliyoitandaza juu ya miti, ubao umeegemezwa kwenye pipa. Ilipofika saa nne asubuhi chumba kile kilikuwa hakikaliki. Mabati yalianza kutoa sauti za kujinyoosha, tik, tik, na mwalimu mkuu alitoka akiwa ameloa kama mtu aliyevuka mto, akaniletea wale sita wake. "Endelea nao," alisema. "Lakini kwa mistari."

Kwa hiyo nilipata wanafunzi wale wale, siku ile ile, ndani na nje, na naweza kusema nilichokiona. Ndani waliandika vizuri. Herufi zilikaa juu ya mstari, hakuna aliyezungumza, hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeelewa pia. Watoto waliozaliwa wakitazama mifugo mpaka upeo wa macho walikuwa wakifungiwa mahali wasipoona hata mguu wa mbuzi, na nusu ya akili yao ilibaki mlangoni. Kila baada ya muda mkono unanyooshwa: "Mwalimu, naomba kutoka." Anaenda wapi? Anaenda kuangalia kama mbuzi wao wamerudi. Nje hakukuwa na ruhusa ya kuomba. Mbuzi wako pale, unawaona, unaendelea na kugawanya.

Ila nje nako kulikuwa na balaa lake, na hili sikuliona kwenye karatasi ya yule kijana. Nje, darasa ni la kila mtu. Siku moja niliandika ubaoni: mtu ana mbuzi arobaini, akauza robo yao, ameuza wangapi? Mama mmoja aliyekuwa akipita na madumu ya maji akasimama. Aliuliza hesabu inasemaje. Wakamwambia.

"Auze robo kwa nini?" akasema. "Kuna ugonjwa?"

"Hapana, eddo," nikamjibu. Eddo ni shangazi, na mwanamke wa umri wake humwiti vinginevyo. "Ni hesabu tu."

"Hesabu ya mtu mpumbavu. Majike au madume?"

"Haijasemwa."

"Haijasemwa! Unafundisha watoto wetu kuuza mifugo bila kujua majike au madume?"

Mzee mmoja akajiunga, akasema huenda mtu huyo ana mahari ya kulipa. Mwingine akasema kwa mahari hutoi mbuzi kumi, unatoa ngamia, watu wa siku hizi wameharibika. Darasa langu likageuka baraza. Yule msichana wa darasa la saba, aliyekuwa ameketi nyuma na daftari gotini, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Kumi, eddo. Ni kumi, hata wakiwa viwete." Mama akamtazama, akainua madumu yake. "Huyu ana akili," akasema. "Wewe maalim, sijui." Akaenda zake.

Alikuwa na akili kweli. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na hesabu alizifanya kama anayechambua mchele, haraka, macho mahali pengine. Kiingereza chake kilikuwa bora kuliko cha wavulana wote watano. Mwalimu mkuu, ambaye hakusifu watu, alininong'oneza kwamba huyu akifanya mtihani wa mwisho wa msingi atapata nafasi kwenye shule ya bweni ya wasichana, na kwamba mwanamke wa kwanza wa eneo lile kwenda sekondari atakuwa ametoka kwenye kibati chake. Alikiita hivyo chumba chetu, kibati. Nilianza kuota na mimi.

Baba yake alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina. Hakuwa adui wa shule, watu wasije wakaniambia habari hiyo. Alimleta binti yake mwenyewe. Lakini alimleta kwa sababu shule yangu haikuwa na kuta. Alipita mara mbili kwa siku, akasimama kwa mbali, akamwona binti yake ameketi na daftari, akaenda zake. Kwa saa zile za asubuhi mwalimu mkuu aliacha mlango wazi kwa sababu ya hewa, kwa hiyo hata ndani mzee alimwona. Nilipomwendea kuhusu mtihani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Adeer," nikamwambia, kwani alikuwa rika la baba zangu wadogo, "akifaulu atakwenda shule ya bweni."

"Bweni lina mlango?"

"Lina mlango. Lakini ndani ni wasichana watupu."

"Huo mlango sina ugomvi nao. Na huu wa mtihani?"

"Ni kwenye chumba chetu hiki hiki."

"Na nani?"

"Wavulana wetu watano, na msimamizi mmoja kutoka Garissa."

Akahesabu kwa vidole. "Wanaume sita na msichana mmoja. Mlango ukiwa wazi, ni shule. Mlango ukifungwa, maalim, si shule tena. Atatoka humo na watu watasema wanachosema, na hakuna atakayewafunga mdomo. Wewe utamwoa?"

"Mlango utakuwa wazi, adeer," nikasema. "Mimi nakwambia."

Sikumuuliza mtu. Sikuwa na uwezo hata juu ya komeo la mlango ule, lakini nilisema, na yeye akanishika mkono, na kwao mkono ukishashikwa, maneno yamekwisha.

Wiki ile ile fomu ya serikali ilifika na msafara. Iliuliza kama shule ina chumba chenye kuta nne na mlango unaofungwa, kwa ajili ya mtihani. Mwalimu mkuu alinipa niijaze kwa sababu ya mwandiko wangu. Nikaandika ndiyo. Ningeandika hapana, wale sita wangetakiwa kusafirishwa hadi Garissa kwa lori la jeshi, kwenye barabara iliyotegwa mabomu, na hakuna mzazi hata mmoja ambaye angekubali. Kwa hiyo ndani ya siku saba nilikuwa nimemwahidi mzee mlango wazi na nimeiahidi serikali mlango uliofungwa, na ulikuwa mlango mmoja.

Nilijua. Sitajifanya sikujua. Nilidhani tu kwamba siku ikifika mtu mwenye akili atauacha wazi kidogo, kwa sababu ya joto, na hakuna atakayepungukiwa na kitu. Mwalimu mkuu aliniambia mara mbili, "Wazoeze na mlango umefungwa." Niliwazoeza na mlango wazi. Tulifanya majaribio matatu hivyo, mzee akapita akamwona binti yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikajiona nimetatua jambo.

Msimamizi alifika alasiri ya kuamkia mtihani, mtu mwembamba mwenye miwani, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Alikuwa na sanduku la chuma lenye karatasi za mtihani, na askari wawili waliolilinda sanduku kuliko walivyomlinda yeye. Alikagua chumba, akajaribu mlango. Ulifunga vizuri. Kisha akanigeukia.

"Wewe ni mtu wa hapa?"

"Wa Garissa, bwana."

"Mjini?"

"Mjini."

"Na ndugu zako? Wote wako mjini?"

Siku zile ndivyo tulivyoulizwa, sisi wenye nyuso hizi, na jibu lolote lilikuwa na upande wa pili. Askari mmoja alikuwa ameacha kufuta bunduki yake, ananitazama. Nikasema wote wako mjini.

"Haya. Kuna jambo lolote kuhusu chumba hiki ninalopaswa kulijua?"

Yalikuwepo mawili. La kwanza, kwamba ikifika saa nne humo ndani ni tanuri. La pili, baba mwenye ndevu za hina. Mwalimu mkuu alikuwa ameenda kutafuta chai, kwa hiyo tulikuwa sisi tu. Ningeweza kusema, bwana, tuweke madawati nje, tuyatenganishe, askari wako wakae pembeni, watoto wataandika vizuri zaidi. Lakini hebu fikiri: mwalimu Msomali, kwenye kijiji cha uzio, katikati ya vita, anashauri mtihani wa serikali utolewe uwanjani mbele ya watu wote. Nilifikiri hivyo, kwa urefu wa pumzi moja.

"Hakuna, bwana," nikasema. "Kila kitu kiko tayari."

Asubuhi, saa mbili kasoro, wale sita waliitwa kwa majina wakaingia. Karatasi ya kwanza ilikuwa Kiingereza. Msichana alikaa dawati la nyuma karibu na mlango, nilivyokuwa nimempangia. Mzee alikuwa amesimama hatua chache kutoka kizingitini, na mkewe kando yake. Sisi walimu wa shule hatukuruhusiwa ndani. Kazi yetu ilikuwa kuzuia watu. Msimamizi akaja kuufunga mlango. Mzee akaweka mkono juu ya bati, akausukuma ukafunguka.

"Mzee, rudi nyuma," msimamizi akasema.

"Mimi nasimama tu. Mlango wazi, basi," akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mlango unafungwa. Ndiyo sheria ya mtihani."

"Funga karatasi. Funga sanduku. Mtoto yangu usifunge."

Msimamizi akaufunga. Mzee akaufungua, polepole kabisa, bila hasira. Askari mmoja akasogea. Watoto wote sita ndani walikuwa wamegeuza shingo, na wa saba alikuwa mimi, nimesimama pale kama nguzo. Mama wa msichana akanivuta shati, akaniambia kwa Kisomali, "Mwambie nitakaa mimi ndani. Sijui kusoma."

Nikatafsiri. Msimamizi akasema haruhusiwi mtu asiye mtahiniwa.

"Huyu mwanamume anaogopa nini?" mama akasema. "Kwamba nitaiba Kiingereza? Nikishakiiba nitakiweka wapi?"

Askari, ambaye lazima alikuwa na Kisomali kidogo, akacheka kwa pua. Mimi nikatafsiri kwamba mama anaomba tena kwa heshima. Msimamizi akatazama saa yake. Nataka nimtendee haki: hakuwa mkali. Alionekana kama mtu aliyepewa kurasa nyingi za maagizo ambazo hakuna iliyozungumzia baba. "Zimebaki dakika mbili," akasema. "Abaki, au atoke."

Mzee hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Maalim," akasema, "ulisema wazi."

Akamwita binti yake kwa neno moja. Msichana alinyanyuka, akaweka penseli yake juu ya dawati, akainyoosha iwe sambamba na ukingo kama mwalimu mkuu alivyowafundisha, akatoka. Mlango ukabamizwa, bati juu ya bati, na kijiji kizima kikasikia.

Sheria ilisema mtahiniwa aliyechelewa anaweza kuingia ndani ya nusu saa ya kwanza. Mimi na mwalimu mkuu tuliijua sheria hiyo, na tukaitumia nusu saa ile yote kuzungumza. Tulimtoa mzee pembeni. Msichana alibaki karibu na ukuta. Sauti ya msimamizi akisoma maagizo ilipita kwenye bati bila shida, na niliona midomo ya msichana ikienda naye.

Mwalimu mkuu akasema, "Mzee, ukisimama kwenye dirisha?"

"Dirisha gani? Ile naingia jicho moja."

"Basi jicho moja!"

Msimamizi alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kusogea karibu na dirisha, kwa hiyo hata jicho moja halikuwepo. Mwalimu mkuu akapendekeza mke wake mwenyewe, aliyeko Garissa, aje akae ndani, na hilo halikuwa na maana yoyote. Mimi nikamkumbusha mzee bweni, sekondari, jina la familia. Akasema jina la familia ndilo analoongelea. Mama akamgeukia mumewe na kumwambia mambo ambayo sikuwahi kuwasikia mke na mume wakiambiana mbele ya watu, kwamba alimkubalia binti kusoma miaka yote hii ili aje amtoe kwenye mlango, kwamba uzio mzima una askari na hakuna siri humu ndani hata ya mtu kukohoa. Hilo la mwisho lilimfikia. Akapapasa ndevu. Msichana akaja taratibu akasimama nyuma yetu.

"Maalim," akaniambia, "nikigonga sasa, atanifungulia?"

Nikamtazama baba yake.

"Upana wa mkono," mzee akasema hatimaye. Akaweka kiganja chake hewani kuonyesha. "Mlango ukae wazi upana huu. Naridhika."

Mwalimu mkuu alikimbia. Mtu mnene vile, sijawahi kumwona akikimbia kabla wala baadaye. Akagonga. Msimamizi akatoka, akasikiliza yote, akatazama mlango, akatazama kiganja cha mzee, na nadhani angekubali, kweli nadhani hivyo. Kisha akatazama saa. "Zimepita dakika thelathini na tano," akasema.

Mwalimu mkuu akasema dakika tano. Msimamizi akasema ndiyo, tano. Mwalimu mkuu akasema mtoto alikuwepo tangu mwanzo, alikuwa hapa, umemwona kwa macho yako. Msimamizi akasema anaandika ripoti, na ripoti ina nafasi ya saa tu. Akaufunga mlango kwa mkono wake, taratibu safari hii, kama anayeomba radhi.

Karatasi ya pili, hesabu, ilianza saa tano kasoro robo. Mabati yalishaanza kulia. Msichana hakuingia kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa tena, na ule upana wa mkono hakuna aliyeuomba mara ya pili. Kabla ya robo saa kwisha nilisikia kiti kikiburutwa, kisha mlango ukafunguka wote, ukapiga ukuta. Msimamizi alitoka kwanza. Miwani ilikuwa mkononi, shati limeshikamana na mwili. Nyuma yake mvulana mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, damu ya pua ikidondoka kwenye karatasi ya majibu.

"Hapa hapafai binadamu," akasema. Akavuta hewa. "Toeni madawati. Wote nje."

Yeye mwenyewe alibeba dawati. Tuliyaweka chini ya mikeka yangu, kila moja hatua kumi kutoka jingine, mbali zaidi kuliko ambavyo chumba kile kingeruhusu. Askari walisimama pembeni kuzuia watu. Hakuna mtoto ambaye angeweza kuona karatasi ya mwenzake hata angetaka. Mwalimu mkuu alisubiri mpaka dawati la mwisho limekaa, kisha akauliza, "Na yule msichana?"

"Kwa karatasi hii hajachelewa," msimamizi akasema. "Akae."

Akakaa. Baba yake akarudi nyuma mpaka kwenye uzio, akaketi chini, mgongo kwenye miiba, bila shida yoyote na ulimwengu. Mama wa madumu ya maji akapita kwa mbali akapaza sauti, "Andikeni majike au madume!" na askari akamfukuza huku akicheka. Msichana aliandika bila kuinua kichwa. Alimaliza muda ukiwa umebaki, akarudia kuangalia, akaweka penseli. Alasiri aliandika karatasi ya tatu, ya maarifa ya jumla, hivyo hivyo, nje.

Tukirudisha madawati ndani, mwalimu mkuu alimwambia msimamizi, "Kwa hiyo tungeweza kuanza nje saa mbili."

"Mngeniambia," msimamizi akajibu. "Niliuliza. Na fomu yenu inasema mna chumba." Hakunitazama aliposema hivyo, na ningependelea anitazame.

Baada ya hapo vita viliisha, kwa kadiri vita vya huku vinavyoisha. Lango likafunguliwa. Watu hawakusubiri hata mvua. Ndani ya siku chache kijiji kilibaki na uzio, askari wachache na shule. Matokeo yalipokuja, wavulana wawili walikuwa wamefaulu. Kwenye mstari wa msichana, hesabu ilikuwa na herufi ya juu kabisa, peke yake katika ukurasa ule. Maarifa ya jumla, nzuri. Kiingereza, lile neno lao la kumwandikia mtu ambaye hakuwepo. Jumla yake: ameshindwa. Mwalimu mkuu aliandika barua tatu kwa wakubwa. Ya kwanza na ya tatu hazikujibiwa. Ya pili ilijibiwa na mtu aliyeuliza idadi ya madawati yetu.

Nikachukua karatasi ya matokeo ya msichana nikaondoka. Hakuna aliyenituma. Nilipanda lori la ng'ombe, nikatembea siku mbili nikiuliza ukoo kwa ukoo, nikamkuta yeye na wazazi wake visimani. Alikuwa akichota maji ya ngamia na mama yake, wakipokezana ndoo ya ngozi. Mzee alinikaribisha, akaniletea maziwa, akataka habari za Garissa zote kabla ya habari zangu. Kisha nikampa msichana karatasi.

Aliisoma mwenyewe, amesimama, mikono imelowa. Alifika kwenye lile neno, akaliwekea kidole.

"Lakini nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa pale mlangoni. Maagizo yote niliyasikia."

"Najua."

"Wewe ulikuwa na mimi."

"Nilikuwa na wewe."

Baba yake akauliza inasemaje, naye akamweleza. Mzee akafikiri, akasema basi jambo ni rahisi, amekosa moja, serikali ilete hiyo moja. Msimamizi aje tu na karatasi moja, yeye atampokea kama mgeni, atachinja, atampa kivuli kizuri kuliko kile cha mikeka. Nikamwambia haiwezekani, lazima arudie zote tatu, mwaka ujao, shuleni, kwenye chumba. "Hata hesabu?" msichana akauliza. "Hata hesabu." Mama akauliza kwa nini mtu arudie alichokishinda. Mzee akauliza kama chumba kimeongezwa dirisha. Nikaeleza habari za sheria, na ripoti, na dakika thelathini. Wakaniuliza tena. Nikaeleza tena kutoka mwanzo, kwa maneno mengine, huku ngamia wakisukumana kwenye birika la kunyweshea, na nilipofika katikati nikagundua kwamba hata mimi sielewi ninachokitetea. Msichana akaikunja karatasi mara nne, akaipenyeza kwenye fundo la nguo yake begani, akashika kamba ya ndoo kwa sababu ilikuwa zamu yake.